Kabla ya Kujibadilisha, Jisome

Pita kwenye meza za vitabu kando ya barabara za katikati ya Dar es Salaam au Nairobi, uangalie vilivyopangwa mbele. Vingi vinafundisha namna ya kuwa mtu mwingine: tajiri kwa miezi michache, msemaji asiyetetemeka jukwaani, mke asiyeachika, kijana anayeamka saa kumi alfajiri. Sina ugomvi na wauzaji, wanatanguliza kinachonunuliwa. Ila msomaji anayeondoka na kitabu cha aina hiyo mara nyingi anaondoka na deni jipya. Jana alikuwa na upungufu mmoja alioujua, leo ameonyeshwa kumi. Akishindwa kuamka saa kumi wiki nzima, anajihukumu kwa mara ya pili: mvivu, tena asiyesaidika hata kwa kitabu.

Makala hii ni ya mtu huyo. Ni ya dada aliyefika miaka 35 na kila akienda harusini anaulizwa pilau yake italiwa lini. Ni ya kijana aliyepata divisheni ziro kidato cha nne na hadi leo, akiwa na gereji yake na mafundi anaowalipa, hubadilisha mazungumzo yanapokaribia habari za shule. Ni ya mwenye kigugumizi, ya aliyerudi kutoka ughaibuni na begi moja, ya mama asiyejaliwa mtoto, ya mstaafu anayeona salamu zimepungua tangu akabidhi funguo za ofisi. Nawashauri mambo matatu yasiyo na gharama kubwa: kusoma, kusikiliza muziki na kukaa na nafsi zenu kwa utaratibu. Hayatabadilisha sura ya mtu wala vyeti vyake. Yatamsaidia kujitazama bila kugeuza uso, na kwa maoni yangu hakuna badiliko linalodumu ambalo halikuanzia hapo.

Najua wapo watakaosema kwamba ukimfundisha mtu kujikubali atabweteka. Maisha yanaonyesha vingine. Mtazame mtu aliyeambiwa hospitalini kwamba ana kisukari. Anayelikataa jibu hilo ndiye anayeendelea na soda yake huku akizunguka kutafuta kipimo kingine kitakachompa habari njema. Aliyelikubali ndiye anayeuliza ale nini na dawa ameze saa ngapi. Mlevi naye ni hivyohivyo, na mwenye madeni pia. Anayebweteka ni yule aliyekata tamaa, na mtu hukata tamaa akishaamini kwamba kosa ni yeye mwenyewe, wala si jambo alilolifanya au lililompata.

Gharama ya kutojikubali inaonekana wazi zaidi kwenye mkorogo wa kuchubua ngozi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi vya kuchubua Tanzania na Kenya, lakini krimu zenye kemikali hizo zinaendelea kupita mkono kwa mkono, na wapo wanaozichanganya wenyewe nyumbani. Zebaki hupenya kwenye ngozi, ikaingia mwilini na kuharibu figo. Wengi wanaopaka wamekwisha kuambiwa hayo na bado wanapaka, kwa hiyo shida yao si kutojua kemikali. Ipo sauti waliyoisikia wakiwa na miaka sita au saba, pengine ya shangazi aliyekuwa akitania tu, iliyosema kwamba mdogo wao mweupe ndiye aliyetoka vizuri. Krimu inapakwa usoni kumjibu shangazi. Na shangazi, hata kama alishafariki, haachi kusema.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuitambua sauti hiyo ni ya nani. Hapo ndipo kitabu kinapoingia.

Hadithi nzuri ina uwezo ambao ushauri wa ana kwa ana hauna. Inakuonyesha aibu yako ikiwa kwa mtu mwingine, mahali ambapo huna haja ya kujitetea. Rafiki akikwambia kwamba mpaka leo unamwogopa baba yako, utakana. Lakini ukimsoma Rosa, binti wa Zakaria katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, akipigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana, hukani kitu, maana hakuna aliyekuuliza. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1971 na kwa muda ilizuiwa shuleni, kwa kuwa ilisema waziwazi mambo ambayo wakubwa walitaka yabaki vyumbani. Wengi waliisoma kwa kujificha, wakitafuta kurasa hizo. Ningekuomba uisome upya kwa ajili ya hofu iliyomo: namna binti aliyelelewa kwa fimbo anavyotoka nyumbani bila kufundishwa kuchagua, kisha anabeba peke yake lawama ya kila alichochagua. Ukimaliza jiulize ni lawama zipi unazozibeba ambazo nusu yake ni za wazazi, za shule, za mtaa. Ila nakuonya: mwisho wa kitabu ni mzito, Rosa anajiua. Kama siku hizi umeelemewa, kiache rafuni hadi upate nguvu, au ukisome pamoja na mtu mtakayezungumza naye.

Yasmin wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi, ana somo jingine. Ameozwa akiwa msichana mdogo kwa Bwana Raza, mtu mzima wa kumzaa. Anaondoka kwenye ndoa hiyo, na nyumbani kwao wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, mkaazi wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja, asiye na mali wala nasaba ya kujivunia. Kwa msomaji aliyetengwa na watu wake kwa sababu ya talaka, dini au mchumba asiyetakiwa, sehemu hiyo inasema kweli ambayo vitabu vya hamasa huiruka: mtu aliyekataliwa hawezi kuanza kujikubali akiwa peke yake chumbani mbele ya kioo. Mara nyingi inabidi kwanza akubaliwe na mtu mmoja, na huyo mmoja huwa si yule aliyemtarajia. Mtafute Mwajuma wako. Pengine ni mama lishe unayekula kwake kila mchana, pengine ni jirani ambaye nyumbani kwenu mlifundishwa kumdharau.

Halafu yupo Utubora. Katika Utubora Mkulima, Shaaban Robert anatuonyesha mtu anayeacha kazi ya mshahara Unguja akaenda kulima Busutamu. Ametiwa wema mwingi mno, na zipo kurasa ambazo wema huo unachosha. Mtu hatamani kuwa na jirani asiye na doa kiasi hicho. Pamoja na hayo, kitabu kinauliza swali ambalo wenye ajira na wasio na ajira wote wanalikimbia: ungeishi vipi kama hakuna anayekuhesabia? Utubora hakushika jembe ili kumthibitishia mtu chochote. Fundi gereji wetu anayeficha divisheni ziro angefaidika kukaa na swali hilo jioni moja tu.

Sasa namna ya kusoma, maana kumaliza kurasa hakutoshi. Shika penseli. Weka alama ndogo pale uliposhikwa na hasira, pale ulipoona aibu, na hasa pale ulipotaka kuruka ukurasa. Usiandike maelezo. (Kama kitabu ni cha maktaba tumia vipande vya karatasi, mkutubi hana kosa.) Ukikifunga kitabu, rudi kwenye alama hizo kabla hujaanza kingine. Zitakwambia habari zako kuliko za mwandishi. Mhusika unayemchukia kupita kiasi mwangalie mara mbili. Msomaji anayemlaani mwanamke mpole wa hadithi kwa unyonge wake, akataka hata kukitupa kitabu, huenda anamwona mama yake pale, au anajiona mwenyewe.

Soma pia maisha ya watu, na usome sehemu ambazo hazisifiwi. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, anaitwa leo baba wa fasihi yetu, na mtaa umepewa jina lake. Lakini fungua Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini uone mtu mwenyewe: karani wa serikali ya kikoloni, mume aliyefiwa, mzazi anayehesabu mshahara, mtu anayehamishwa kituo na kuandika usiku baada ya kazi za watu. Alifariki mwaka 1962, na baadhi ya vitabu vyake, kikiwemo hicho cha Utubora, vilichapishwa baada ya yeye kuzikwa. Yaani sehemu ya kazi aliyoifanya hakuiona ikishikwa na msomaji. Anayejipima kwa alichokwisha kutambuliwa nacho akiwa na miaka 30 au 40 ana la kujifunza kwa karani yule.

Na usome kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwenu ikiwa ina maandishi. Sisemi hivi kwa uzalendo. Maneno yaliyokuumiza utotoni hukuambiwa kwa Kiingereza. Kitabu cha ughaibuni kinaweza kukuelimisha vizuri sana kuhusu nafsi, ukakipigia mstari kila ukurasa, na bado kisiguse pale pa zamani, kwa sababu pale palifungwa kwa lugha nyingine.

Muziki unafanya kazi tofauti. Kitabu kinakusaidia kuona. Wimbo unakusaidia kustahimili ulichokiona. Na sisi watu wa pwani na bara hii tumebahatika kuwa na wanamuziki ambao maisha yao wenyewe ni somo la jambo hili.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwishoni mwa karne ya 19, katika familia yenye asili ya utumwa. Jina aliloitwa utotoni ni Mtumwa. Aliuza vyungu. Hakupata shule, hakuwa na ukoo wa kutajwa, na kwa vipimo vya waungwana wa mji hakuhesabiwa miongoni mwa warembo. Akahamia mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba taarab, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay, India, kurekodi sahani za santuri. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Watu hawakumwachia hivihivi. Walimtungia maneno ya kumkumbusha vyungu, sura na alikotoka. Jibu lake linafaa kuzingatiwa na kila anayedhihakiwa kazini au kwenye magrupu ya ukoo. Hakukana alikotoka. Hakujitungia babu wa Kiarabu, njia ambayo wengi katika Zanzibar ya siku zile waliichukua. Aliwajibu kwa wimbo, na ndani ya wimbo aliikataa mizani yao: sura na nasaba si kitu cha kumpimia mtu, apimwe kwa akili yake. Tofauti hiyo ni kubwa. Anayejitetea kwa mizani ya wenzake, akisema "hata mimi si mbaya kiasi hicho," amekwisha kukubali kwamba mizani ni halali.

Kisha yupo Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam, akaipa bendi ya Super Matimila sauti ambayo haikufanana na nyingine mjini. Alijiita mwenyewe "Sura Mbaya". Jina ambalo watu wangelinong'ona nyuma yake alilichukua akalitangaza mbele yao, na wakabaki hawana la kunong'ona. Leo Sinza ina kituo cha daladala kinachoitwa kwa jina lake, na abiria wanaoshuka "kwa Remmy" hawaulizi alikuwa na pua ya namna gani.

Hapo lakini pana mtego, nao unawanasa wengi, hasa wachekeshaji wa ofisini na mabinti wanene wanaojiita vibonge kabla hawajaitwa. Kujitania si lazima iwe kujikubali. Remmy alijiita sura mbaya akiwa na nyimbo kuhusu kifo na haki ya mnyonge, nyimbo ambazo nchi nzima ilizisikiliza kwa makini. Jina lilikuwa pambo juu ya nyumba iliyokwisha kujengwa. Ukitaka kujua utani wako ni wa aina gani, jichunguze watu wakishaondoka. Kama umebaki mwepesi, ni wako. Kama umebaki mdogo, ulikuwa unawasaidia kazi yao, na unaweza kuuacha kesho bila kumtangazia mtu.

Nirudi kwenye taarab, kwa sababu ina desturi ambayo sijaona mahali pengine ikifanywa kwa ustadi kama huo. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaomgusa mtu, mtu huyo huinuka, akaenda taratibu hadi jukwaani na kumtunza pesa, kisha akarudi kukaa. Hajasema neno. Lakini ukumbi mzima umeona kwamba maneno yale ni yake: yeye ndiye aliyeachwa, au aliyesingiziwa, au anayependa asikopendwa. Mama wa heshima ambaye kwa miaka asingemwambia jirani kwamba mumewe ameoa tena, anainuka mbele ya watu mia mbili na kulikiri jambo lake kwa hatua zake. Hiyo ni njia ya kale ya kusema "hili limenipata na bado natembea." Hata kama huendi kwenye taarab, unaweza kufanya hivyo nyumbani. Wimbo ukifika kwenye maneno yako, acha unachofanya. Simama. Usiuache upite kama tangazo la redio.

Upande wa pili wa taarab hiyohiyo ni mipasho. Inachekesha, inachezeka, na sitakudanganya kwamba siipendi. Ila pitia nyimbo ulizozihifadhi kwenye simu yako. Kama karibu zote zinawaambia mahasidi waumie, wenye wivu wajinyonge na majirani wakome, basi heshima yako umeijenga juu ya maadui, na siku watakapokusahau utalazimika kutafuta wengine. Bongo Fleva na hip hop ya Nairobi zina maradhi hayohayo siku hizi. Changanya. Kwa kila wimbo wa kumkomoa mtu weka mmoja usiomtaja mtu kabisa.

Ushauri wangu mahususi zaidi kuhusu muziki ni huu: sikiliza wimbo mzima. Simu zimetuzoesha vipande vya sekunde chache, sehemu ile tamu tu. Nyimbo za dansi za zamani, za Mlimani Park na Msondo Ngoma, zilipangwa vingine. Sehemu ya kwanza ni ya taratibu, kisa kinasimuliwa, mara nyingi cha huzuni: ndugu wamegombana, mke ameondoka, kazi imeisha. Baadaye ndipo linapokuja chemko, magitaa yanakimbia, tarumbeta zinajibu, na watu wanaingia uwanjani kucheza. Wanachezea kisa kilekile. Anayerukia chemko amepata mazoezi ya mwili. Aliyeanzia mwanzo amesikilizwa kwanza, akacheza baadaye. Tafuta pia zile nyimbo ulizozisikia kabla hujajua kujilinganisha na watu: kaswida za madrasa, kwaya ya kanisani kwenu, ngoma za kijijini kwa bibi, kiashirio cha kipindi cha redio cha mchana. Zinakurudisha kwa mtoto ambaye alikuwa anatosha bila kuulizwa.

Na ukiweza, imba au piga badala ya kusikiliza tu. Bi Kidude alipiga ngoma za unyago na kuwafundisha wasichana wa Zanzibar habari za miili yao bila kunong'ona, na alipopewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 alikuwa bibi kizee anayevuta sigara jukwaani bila kumwomba radhi mtu. Wewe huhitaji tuzo. Kwaya ya mtaani inatosha; wengi wanajua kwamba mwenye kigugumizi mara nyingi hutamka wimbo wote bila kukwama, na kuisikia sauti yake ikitoka nzima katikati ya sauti za wenzake kunamfaa kuliko hotuba ya mtu yeyote.

Nimefika kwenye kutafakari, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu.

Wengi wanadhani wanatafakari kumbe wanajitafuna. Ni rahisi kutofautisha. Kama usiku wa leo umeishia kwenye sentensi ileile uliyoishia jana, "mimi si kitu," hukutafakari. Umeisikiliza tena kesi ambayo hukumu yake iliandikwa kabla ya ushahidi. Kutafakari kwa kweli kunaacha jambo jipya mkononi, hata dogo: jina la mtu, tarehe, swali ambalo hukuwa nalo. Ndiyo maana nashauri kuandika. Kichwani mtu anaweza kuzunguka mwaka mzima. Kwenye karatasi anachoka kurudia maneno na analazimika kuendelea.

Nunua daftari la kawaida la shule. Weka muda, dakika ishirini zinatosha, na muda ukiisha funga hata kama hujamaliza. Anza kwa kuandika jambo lenyewe kama polisi anavyoandika maelezo, bila sifa wala lawama. "Mwaka 2009 nilifanya mtihani wa kidato cha nne. Nilipata divisheni ziro. Baba hakuzungumza nami kwa miezi." Hayo ni matukio. Kisha, mstari mwingine, andika hukumu uliyoitoa: "Mimi ni mjinga." Zitazame sehemu hizo mbili. Ya kwanza ina mwaka, ina mtihani, ina baba. Ya pili haina tarehe wala mwisho. Jiulize nani aliitamka hukumu hiyo kwanza, na je, alikuwa na ujuzi wa kuitoa. Mwalimu aliyefundisha darasa la watoto mia moja bila vitabu anaweza kweli kutoa hukumu juu ya akili ya mtu kwa maisha yake yote? Andika jibu. Usikimbilie kujisifu upande wa pili. Sentensi kama "mimi ni hodari kuliko wote" nayo haina tarehe.

Kuna zoezi lingine ambalo asili yake ni ya kwetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mwanamke wa Siyu kwenye visiwa vya Lamu, akiwa mgonjwa alimtungia binti yake utenzi wa kumuusia. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert aliwatungia wanawe, Utenzi wa Hati kwa binti na wa Adili kwa mvulana. Huenda usikubaliane na mengi katika wosia wa Mwana Kupona kuhusu mke na mume. Hata mimi sikubaliani. Chukua umbo lake. Mwandikie mwanao, mpwa wako au mdogo wako ambaye amepatwa na jambo lililokupata wewe: amefeli, ameachwa, ana mimba, ngozi yake imetaniwa. Mwambie la kumwambia. Utashangaa ulimi wako unavyolainika. Hutamwita mpumbavu; utamwuliza kama amekula. Ukimaliza, futa jina lake juu ya karatasi na uandike lako, kisha usome kwa sauti. Watu wazima wengi hawajawahi kuzungumza na nafsi zao kwa upole huo.

Najua kikwazo: faragha. Chumba kimoja, watu watano, na daftari halina kufuli. Basi andika na uchane, karatasi ikishafanya kazi yake haina deni nawe. Au rekodi sauti kwenye simu ukiwa unatembea, watu watadhani unazungumza na mtu, kisha ufute. Wenye ibada wana bahati ya muda uliokwisha kutengwa, baada ya sala ya alfajiri au kwenye mafungo, na wanaweza kuongeza dakika chache hapo. Foleni ya daladala asubuhi siipendekezi. Akili inayosukumwa haitafakari, inalalamika.

Katika daftari lako mambo yatajigawa yenyewe. Mengine yanabadilika: unaweza kurudia mtihani ukiwa mtu mzima, kuna vituo vya masomo ya jioni kwa ajili hiyo, unaweza kulipa deni kidogokidogo, unaweza kumwomba radhi uliyemkosea, na umwombe kabla ya kujisamehe, maana kujikubali hakufuti haki ya mtu mwingine. Hayo yapangie siku. Mengine hayabadiliki: urefu wako, wazazi wako, miaka iliyopita, mtoto ambaye hakuja. Hayo usiyapangie mikakati. Yalilie. Tuna matanga kwa ajili ya wafu, watu wanakuja, wanakaa, wanakula, siku zinahesabiwa na msiba unaanuliwa. Lakini mtu aliyefiwa na maisha aliyoyatarajia hana anayemtandikia mkeka. Jipe siku zake za kulia, mweleze hata mtu mmoja, kisha uanue.

Na pilau ya harusi? Huna sababu ya kumweleza kila mjomba historia ya moyo wako. "Ikiiva nitawaita" ni jibu kamili. Ukilisema bila kukunja uso mara chache, wataanza kumuuliza mwingine.

Mambo haya yote yana mpaka, na nisipousema nitakuwa nimekudhulumu. Kama kwa wiki mbili au zaidi huzuni haikuachi, usingizi au hamu ya chakula imebadilika, vitu ulivyovipenda havina ladha tena, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, na unatibika. Nenda hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa na Muhimbili zinawaona watu wenye matatizo hayo kila siku, na Nairobi ipo hospitali ya Mathari. Jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, tumeligeuza tusi, na tusi hilo limewazuia wengi kupata dawa kwa wakati. Kama fikra za kujiua zimeshakujia, usisubiri wiki mbili wala kumaliza makala hii: mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, na muende pamoja.

Kwa aliye na nguvu za kuanza, ninapendekeza kitabu kimoja tu, Wasifu wa Siti binti Saad. Ni chembamba, kimeandikwa na Shaaban Robert kuhusu mwanamke aliyeuza vyungu, kwa hiyo mwandishi na mwimbaji utawapata pamoja. Tafuta na rekodi zake za santuri. Zipo mtandaoni, zinakwaruza, zivumilie. Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, na mikoa mingi ina maktaba yake. Ukikikosa rafuni, muulize mkutubi akutafutie.